Pesa ya bata uiweke wapi? Kibubu, simu, mchezo, kikoba na vipande

Mjini hapa watu wengi hawashindwi kupata laki moja ya likizo. Wanashindwa kuitunza mpaka likizo ifike. Katikati kuna mchango wa harusi, kuna msiba Mbagala, kuna umeme wa LUKU unaokata saa tatu usiku mechi ikiwa imenoga, na kuna yule ndugu wa "nitakurudishia mwisho wa mwezi". Kwa hiyo mtu akiniuliza adundulize wapi pesa ya safari, simuulizi kwanza anataka faida asilimia ngapi. Namuuliza ni nani anaweza kuigusa hiyo pesa, na yeye mwenyewe akitaka kuichomoa itamchukua muda gani.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Baba, mama na watoto wawili wa shule ya msingi wanaweka laki moja kila mwezi, Februari hadi Novemba. Desemba wanakuwa na milioni moja. Pesa hiyo ikikaa mahali panapozaa, tuseme, asilimia 12 kwa mwaka, yaani asilimia moja kwa mwezi, laki ya kwanza itazaa kwa miezi kumi, ya pili kwa tisa, hivyo hivyo mpaka ya mwisho. Jumla ya faida ni kama shilingi 55,000. Inanunua kitu, lakini haibadilishi safari. Ila ukiingiza mkono humo mwezi wa saba ukachota laki mbili, safari imebadilika. Na kwa kuwa mfumuko wa bei nchini miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka asilimia 3 kwa mwaka, pesa iliyolala bila kuzaa kwa miezi kumi haipungui nguvu kiasi cha kutisha. Kwa akiba fupi kama hii, mimi napima kufuli kabla ya riba.

Kwanza ujue safari inakula kiasi gani

Wengi wanaanza na "mwaka huu lazima tutoke", bila kusema wanatoka kwenda wapi. Akiba isiyo na jina ndiyo ya kwanza kuliwa. Usafiri ni rahisi kuupigia hesabu: nauli za treni ya SGR daraja la kawaida zilizotangazwa mwaka 2024 zilikuwa shilingi 13,000 kutoka Dar hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu nauli. Familia yetu ya mfano ingekwenda na kurudi Morogoro kwa 78,000, Dodoma kwa 186,000. Zanzibar boti ya mwendo kasi ni kama saa mbili, na nauli siyo inayoumiza. Kinachomaliza mfuko ni malazi ya Nungwi au Paje katika wiki za Krismasi. Mikumi nako kiingilio cha Mtanzania ni elfu chache tu. Ghali ni gari la kuzungukia mbugani, kwa hiyo ukienda na familia nyingine mkagawana gari, hesabu inakaa sawa.

Kama huendi kula Krismasi kwa wazee Moshi, sioni sababu ya kung'ang'ania Desemba, mwezi ambao tiketi pale stendi ya Magufuli Mbezi zinagombaniwa na Januari ya ada inakusubiri mlangoni. Shule zinafunga Juni pia. Wasio na watoto wa shule wana nafasi nzuri zaidi: Aprili na Mei, wakati wa masika, hoteli nyingi za pwani ya Zanzibar hushusha bei, ingawa nyingine hufunga kabisa na mvua utaiona. Mwajiriwa ana haki ya siku 28 za likizo kwa mwaka chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwa hiyo mwezi wa kwenda anaweza kuupanga na mwajiri mapema. Ukishajua mwezi, ndipo unajua pesa ifungwe kwa muda gani.

Kibubu na simu

Hivi viwili naviweka pamoja kwa sababu vyote unavyo nyumbani na vyote havihitaji mtu mwingine. Kufuli zake tu ndizo tofauti kabisa.

Kibubu cha mbao, kilichopigiliwa misumari pande zote na kuachwa kitundu juu, hakina namba ya siri. Ukitaka pesa lazima ukivunje, na kukivunja kuna kelele. Watoto watasikia, mwenzako atauliza kulikoni. Hiyo aibu ndiyo kufuli yenyewe, na kwa mtu anayepokea pesa ndogo ndogo kila siku, bodaboda, kinyozi, mama lishe, sijaona kinachoishinda. Buku mbili kila jioni kabla ya kuvua viatu, kwa siku 300, ni laki sita. Hakuna fomu, hakuna makato.

Ubaya wake unajulikana: mwizi, moto, mchwa. Kuna na jingine ambalo watu walilikumbuka kwa kuchelewa. Benki Kuu ilipoziondoa noti za zamani, zile za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010, muda wa kubadilisha ulikuwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Kibubu cha mwaka mmoja hakikuwa na shida. Waliofukia miaka na miaka ndio waliohangaika. Kwa hiyo kibubu kiwe cha safari moja, kivunjwe, kinunuliwe kingine.

Simu ni kinyume chake. Ni salama kuliko mbao, mwizi hawezi kuichota bila namba ya siri, na unaweka pesa ukiwa kwenye daladala. Lakini iko mkononi saa ishirini na nne, na salio lako linakujibu kila ukiliuliza. Bando linatoka humo, LUKU inatoka humo, na ndugu akipiga akisema "nitumie elfu thelathini, na ya kutolea", huwezi kusema huna wakati umetoka kuangalia salio sasa hivi. Kuna jambo jingine la kiufundi: mwenye deni la Songesha, ule mkopo wa kujazia salio pungufu la M-Pesa, pesa ikiingia inakatwa deni kwanza. Ukiamua kutuma akiba yako ya wiki kwenye laini hiyo hiyo, inaweza kufika ikiwa nusu.

Wanaofanikiwa kwa simu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama wana laini ya pili, imesajiliwa kwa jina lao, inakaa kabatini kwenye kisimu cha tochi na namba yake haijulikani na mtu. Ama wanatumia huduma za akiba zilizo ndani ya simu, kama M-Pawa iliyoanza mwaka 2014, ambako pesa inatoka kwenye salio la kawaida na kukaa pembeni. Vyote viwili vinaongeza hatua kati yako na pesa. Hatua moja haitoshi kumzuia mwenye shida kubwa, ila inamzuia mwenye hamu ya chipsi kuku.

Kati ya viwili hivi, kwa kiasi kisichozidi laki tano ningechukua kibubu. Ikizidi hapo, nyumba za kupanga za uswahilini, mlango mmoja watu kumi, siziamini kiasi hicho.

Mchezo na kikoba

Hapa ndipo pesa nyingi za Dar zinapozunguka, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo, kwa sababu vyote viwili vina watu, daftari na siku ya kukusanya.

Mchezo ni rahisi. Mko kumi, kila mmoja anatoa laki moja kwa mwezi, kila mwezi mmoja anabeba milioni. Mkipiga kura ukapata zamu ya kwanza, umepata mkopo usio na riba. Ukipata ya mwisho, umeweka akiba isiyo na riba. Anayetaka safari ya Desemba aombe zamu ya Novemba, na mara nyingi hapati upinzani, kwa sababu wenzake wote wanazitaka za mwanzo.

Nguvu ya mchezo iko kwa kijumbe, yule anayekusanya na kumkabidhi mwenye zamu. Pale Kariakoo, kwenye michezo ya kila siku, anapita saa kumi na moja jioni vibanda vikianza kufungwa, kaunta buku kwapani, kalamu imechomekwa kwenye mtandio.

"Mama Salma, ya leo."

"Shoga, leo mauzo hamna. Nichukulie kesho mbili."

"Kesho mbili sawa. Ila zamu ni ya Mama Juni, na anaingoja alipie ada. Ukimwangusha yeye umeniangusha mimi."

Mama Salma anavuta droo, anahesabu elfu tano, anatoa. Hakuna programu ya simu inayoweza kukukumbusha namna hiyo. Wewe hutaki kumwona Mama Juni kesho ukiwa na deni lake, basi unalipa, na kwa kulipa unajiwekea akiba bila kupenda.

Udhaifu nao uko hapo hapo. Mtu akishabeba zamu ya pili akaingia mitini, wa zamu ya tisa ndiye anayelia. Hakuna mkataba, na polisi watakuuliza ushahidi uko wapi. Ndiyo maana mchezo mzuri ni wa watu wanaojuana sehemu zao za kazi, watu ambao kibanda chao hakihami. Kundi la WhatsApp la watu mia mbili mnaoahidiwa mavuno mara mbili kwa kuleta wenzenu hilo siyo mchezo. Waliopitia upatu wa DECI mwaka 2009, na ile habari yake ya kupanda mbegu, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kina mifupa zaidi. Jumamosi alasiri, viti vya plastiki vimepangwa uani, sanduku la chuma liko katikati na kufuli zake tatu, funguo zimeshikwa na watu watatu ambao hakuna hata mmoja anayelitunza sanduku. Wahesabu fedha wanamwaga noti kwenye beseni mbele ya macho ya wote. Unanunua hisa, kwa kawaida kuanzia moja hadi tano kwa kikao, na kila hisa inagongwa mhuri kwenye kitabu chako. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa misiba na maradhi. Umechelewa, faini. Simu imelia, faini. Wapo wanaokiona kikoba kinawachosha kwa ajili hiyo tu, na sitawalaumu. Kikao cha saa mbili kila wiki ni bei kubwa kwa mtu anayerudi Kibaha na foleni.

Lakini angalia hesabu. Hisa ikiwa 5,000 na ukanunua tano kila wiki, ni 25,000 kwa wiki. Wiki arobaini ni milioni moja, ile ile ya familia yetu, imekatwa vipande vidogo visivyouma. Juu yake inakuja faida ya mwaka inayotokana na riba ambayo wanachama wanalipa wakikopa. Hapa kikoba kinaupita mchezo, na mara nyingine kinaipita hata benki.

Faida hiyo inatoka mifukoni mwenu wenyewe. Kikoba kinachozaa sana ni kile ambacho watu wake wanakopa sana, na vingine vinakulazimisha ukope hata kama huna haja, ili mzunguko uwepo. Ukikopa laki tatu usizozihitaji, ukazila, ukaanza kuhangaika na marejesho mpaka ukaangukia kwa wale wa mikopo ya kausha damu, likizo imekwisha kabla haijaanza. Kabla ya kuingia uliza: kukopa ni lazima? Na tarehe ya kuvunja, yaani kugawana akiba na faida, ni ipi, na mwaka jana mlivunja tarehe hiyo kweli? Jibu la swali la pili lina uzito kuliko katiba nzima. Vikoba vingi vinapanga kuvunja mwanzoni mwa Desemba, vinavunja tarehe 23 kwa sababu wadaiwa sugu bado wanatafutwa. Wewe na tiketi yako ya tarehe 20 utafanyaje?

Siku hizi pia kuna M-Koba, iliyoanza mwaka 2019, ambapo pesa ya kikundi inakaa kwenye simu na haitoki mpaka walioteuliwa waidhinishe. Inaondoa hofu ya sanduku kulala nyumbani kwa mtu. Na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa. Kiongozi akikwepa kukuonyesha cheti, muage vizuri uende.

Mwenye nidhamu ndogo lakini mwenye aibu nyingi achukue mchezo. Mwenye muda wa kukaa kikao na moyo wa kukataa mkopo, kikoba kitamlipa zaidi.

Benki na vipande

Akaunti ya kawaida ya benki, ile yenye kadi inayopokea mshahara, siihesabu kama mahali pa akiba. Kinachofaa kulinganishwa ni akaunti ya muda maalumu, yaani unafunga pesa miezi mitatu, sita au kumi na mbili, na ukiichomoa kabla ya wakati unapoteza riba yote au sehemu yake. Kufuli ni ya chuma. Kasoro ni kwamba inataka pesa ya mkupuo, wakati wengi wetu tunadunduliza. Benki nyingine zina akaunti za malengo zinazokata kiasi fulani kila mshahara ukiingia, na kwa mwajiriwa hiyo naipenda kuliko zote kwenye fungu hili: pesa inaondoka kabla hujaiona. Riba ya benki inakatwa kodi ya zuio asilimia 10, kwa hiyo ukitajiwa riba, ondoa hapo kwanza. Upande wa usalama, Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mteja hadi shilingi milioni 7.5 benki ikifilisika, na akiba ya likizo ya wengi wetu haifiki huko.

Vipande, yaani sehemu unazonunua kwenye mifuko ya UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, vimekuwa mdomoni mwa kila mtu miaka ya karibuni. Kwa safari ya ndani ya mwaka mmoja mfuko wa kuangalia ni wa Ukwasi, ulioanza mwaka 2013: unaanza na 100,000, nyongeza kuanzia 10,000, na ukiomba kuuza vipande malipo yanafanyika ndani ya siku tatu za kazi. Mfuko wa Umoja, wa tangu 2005, ni mkongwe lakini una hisa za kampuni ndani yake, na bei ya hisa hupanda na kushuka. Pesa ya tiketi ya Desemba isikae huko.

Hizo siku tatu ndizo ninazozipenda kuliko faida yenyewe. Hamu ya kununua viatu Kariakoo mara nyingi imekwisha siku ya tatu. Msiba hausubiri siku tatu, kwa hiyo ndugu wakipiga simu unatoa mchango wako wa kawaida kutoka mfuko wa kawaida, na safari inabaki. Ila zikumbuke wakati wa kutoka pia: ni siku za kazi. Jumamosi, Jumapili, Krismasi na Boksingi dei hazihesabiwi. Anayesafiri Jumamosi aombe pesa zake wiki ya kabla yake, asingoje Alhamisi aanze kumpigia kelele mtu wa huduma kwa wateja.

Na usisahau kwamba vipande havina riba ya ahadi. Mfuko unatangaza thamani ya kipande kila siku ya kazi, unaona mwenyewe inakwendaje.

Wanaoota Dubai au Istanbul wana tatizo jingine, la dola. Shilingi ilikuwa kama 2,300 kwa dola mwaka 2022, ikapita 2,600 mwaka 2024, kisha ikapata nguvu tena. Nauli ya nje hupanda na kushuka na dola hiyo, kwa hiyo nunua tiketi mapema kwa sehemu ya kwanza ya akiba, kilichobaki udundulize kwa shilingi kama wengine.

Kuchanganya, maana hakuna aliyesema uchague kimoja

Ninaowaona wakisafiri kweli wana vyombo viwili. Cha kukusanyia, ambacho kina watu wa kukusukuma, na cha kuhifadhia, ambacho hakina watu kabisa. Anayebeba mchezo mwezi wa sita na safari ni Desemba asirudi na milioni nyumbani. Aiingize kwenye vipande au aifunge benki miezi sita siku hiyo hiyo, kabla shemeji hajajua zamu ilikuwa ya nani. Bodaboda avunje kibubu kila mwisho wa mwezi, apeleke kilichomo kwenye laini ya kabatini.

Wanandoa wasikilizane mapema nani anashika nini. Nimeona inafanya kazi vizuri zaidi mmoja akiwa kwenye kikoba na mwingine akikatwa kwenye mshahara. Kikoba kikichelewa kuvunja, ile ya mshahara inalipa tiketi, na ya kikoba inakuja kuwa pesa ya matumizi.

Halafu kuna njia ambayo watu wa mjini wanaisahau: kuilipa safari yenyewe kidogo kidogo. Baadhi ya nyumba za wageni za Lushoto na Zanzibar, na baadhi ya wakala wa safari, wanakubali ulipe kwa awamu kuanzia miezi mitano sita nyuma. Pesa ikishakuwa chumba, hakuna shangazi anayeweza kuikopa. Masharti yake uyasome: ukiahirisha unarudishiwa ngapi, na bei imefungwa au inaweza kupanda? Wakala wa utalii anatakiwa awe na leseni ya biashara ya utalii, ile wengi wanayoiita TALA. Kama hawezi kukuonyesha, au kila awamu anakuandikia kwenye kipande cha daftari badala ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mwache. Endelea na hisa zako tano kila Jumamosi, ulipe malazi yote kwa mkupuo kikoba kikivunjwa.